Mwalimu Asiye na Kwao

Kuna swali ambalo sisi wa Ualimu tunaulizana kila mwaka wa tatu unapoanza, hasa zile wiki ambazo bumu limekata na hakuna mwenye hela ya kwenda popote zaidi ya kukaa kibarazani kupiga stori. Ukipangiwa kituo mbali, mahali usipomjua mtu, watu wanaongea lugha yao majumbani na wewe huelewi hata salamu, utaenda? Wengine husema wataripoti, wachukue hela ya kujikimu, kisha waanze kutafuta uhamisho kesho yake. Wengine husema mwalimu ni mwalimu, ilimradi kuna ubao na chaki. Na hakosekani wa kutupia methali ya kufunga mjadala: mkataa kwao ni mtumwa.

Mimi hiyo methali imenisumbua muda mrefu. Nina miaka 22, nimezaliwa na kukulia Tanga, na mazoezi yangu ya kufundisha, zile TP zetu, niliyafanya Kigoma, darasani mwa watoto wanaocheka kwa Kiha mimi nikibaki kutabasamu bila kujua kinachochekwa. Kwa hiyo nilipokutana na habari za Lafcadio Hearn nilizisoma kama mtu anayetafuta jibu. Huyu bwana alifundisha Kiingereza Japani tangu mwaka 1890, akafia huko mwaka 1904, na Wajapani mpaka leo wanamjua kwa jina lingine kabisa: Koizumi Yakumo. Naomba niwasimulie, halafu turudi kwenye swali letu.

Mtoto wa njiani

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1850 kwenye kisiwa cha Lefkada. Leo ni Ugiriki, lakini enzi hizo visiwa vile vilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mama yake, Rosa, alikuwa Mgiriki wa kisiwa cha Kythera. Baba yake, Charles Hearn, alikuwa daktari katika jeshi la Uingereza, mtu wa Ayalandi. Hilo jina Lafcadio limetokana na kisiwa chenyewe, yaani mtoto alipewa jina la mahali ambapo hakukaa hata miaka mitatu.

Alipofika miaka 2 mama alimchukua wakaenda Dublin, kwa wakwe. Hebu mfikirie huyo mama. Mume yuko mbali kikazi, Kiingereza hajui, baridi na mvua haziishi, dini yake si ya wakwe zake. Hakudumu. Mwaka 1854 alirudi Ugiriki, mtoto akiwa na miaka 4, na hawakuonana tena mpaka kufa. Ndoa ikabatilishwa, baba akaoa mke mwingine na kwenda naye India. Mtoto akabaki kwa bibi mmoja wa ukoo, ndugu wa bibi yake mzaa baba, mjane mwenye mali na Mkatoliki aliyeshika dini hasa.

Huyo bibi akampeleka shule ya bweni ya Kikatoliki ya Ushaw, karibu na Durham, Uingereza. Akiwa na miaka 16, katika mchezo wa uwanjani, kamba ilimpiga jicho la kushoto na jicho likafa. Lile la kulia nalo halikuwa na nguvu. Kusoma alilazimika kusogeza karatasi mpaka karibu iguse pua. Ukitafuta picha zake utaona jambo: karibu zote amegeuza uso upande au amefumba macho kama anayewaza. Alikuwa anaficha.

Haikuishia hapo. Mali ya bibi ikapotea kwa kumwamini ndugu aliyeiingiza kwenye biashara mbovu, ada ikakosekana, na mwaka 1869 kijana wa miaka 19 akapandishwa meli kwenda Marekani ajitafutie maisha. Akafikia Cincinnati. Alilala alipopata, akala alichopewa, mpaka mzee mmoja mchapishaji, Henry Watkin, alipomruhusu alale kwenye karakana yake juu ya vipande vya karatasi na akamfundisha kazi ya uchapaji. Kutoka hapo akawa mwandishi wa gazeti, mmoja wa wale wanaotumwa usiku kwenye mauaji, moto na vyumba vya maiti. Aliandika vizuri sana, na jina likakua.

Mwaka 1874 akamwoa Alethea Foley, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani. Sheria za jimbo la Ohio zilikataza ndoa ya mzungu na mtu mweusi. Mwaka uliofuata gazeti lilimfukuza kazi, akahamia lingine, lakini ndoa haikudumu. Mwaka 1877 akaondoka kwenda New Orleans. Hapa sitaki kumpamba. Aliyeweza kupanda chombo akaenda kuanza upya ni yeye. Alethea alibaki Cincinnati na ile sheria. Tunapopenda kumwita mtu rafiki wa wanyonge, ni vizuri tukumbuke nani alibaki bandarini.

New Orleans alikaa miaka 10. Huko ndiko alikoanza tabia iliyomfaa baadaye: kukaa na wapishi, wauza mitaani na bibi wazee na kuandika wanachosema. Mwaka 1885 alitoa kitabu cha mapishi ya Kikrioli na kingine cha methali za Kikrioli kutoka lahaja 6, mojawapo ikiwa ya Morisi, kisiwa cha bahari yetu hii hii. Baada ya hapo akaishi Martinique karibu miaka 2. Akiwa na miaka 39 hakuwa na nyumba, hakuwa na mke, na hakukuwa na nchi ambayo angeweza kusema ndiyo kwao.

Shilingi ya mwisho Yokohama

Tarehe 4 Aprili 1890 alishuka meli Yokohama. Alikuja kuandika makala kwa kampuni moja ya majarida ya Marekani, akifuatana na mchoraji. Muda si mrefu akagundua kuwa mchoraji analipwa zaidi yake. Akakasirika, akavunja mkataba. Fikiria: mtu yuko nchi ya mbali, hajui lugha, jicho moja, na kazi amekwisha iacha.

Bahati yake ni kwamba Japani ya wakati huo ilikuwa inatafuta walimu. Tangu mwaka 1868, serikali ya Meiji ilikuwa imeamua nchi ijifunze haraka kila kinachowapa wazungu nguvu: reli, meli za vita, udaktari, sheria, na lugha za kuvisomea. Wageni wengi waliajiriwa kwa mishahara mikubwa kuliko ya wenyeji. Mwingereza mmoja aliyefundisha chuo kikuu Tokyo, Basil Hall Chamberlain, akamsaidia Hearn kupata nafasi Matsue, mji wa mkoa wa Shimane, pwani ya magharibi, mbali na reli na mbali na wazungu wenzake. Mshahara yen 100 kwa mwezi. Alifundisha sehemu mbili: shule ya sekondari ya wavulana ya mkoa, na chuo cha ualimu.

Ndiyo, chuo cha ualimu. Hapo ndipo niliposogeza kiti. Wanachuo wale walisomeshwa na serikali, walikaa kwa nidhamu kama ya jeshini, na wakimaliza walipaswa kuilipa serikali kwa kufundisha kwa miaka kadhaa. Bodi ya mikopo ya enzi hizo, tofauti ni kwamba marejesho yalikuwa chaki.

Alifika Matsue mwishoni mwa Agosti 1890. Jina lake lilishindikana mdomoni mwa wenyeji, hata kwenye mkataba likaandikwa Herun. Alipoambiwa, aliliacha hivyo hivyo. Akawa Herun-san, na akalipenda.

Alikaa kwanza kwenye nyumba ya wageni kando ya mto. Aliandika jinsi mji ulivyomwamsha: kwanza mdundo mzito wa mchi mkubwa ukitwanga mpunga, kama moyo wa ardhi, halafu kengele ya hekalu, halafu makofi ya watu wanaolisalimu jua kando ya maji, halafu viatu vya mbao vikigonga daraja, mamia kwa mamia, watu wakienda kazini. Mtu mwenye jicho bovu huusoma mji kwa masikio. Mimi nikisoma pale nakumbuka vinu na adhana, na naona kwamba alikuwa anaandika alfajiri ya mahali popote ambapo watu wanaamka mapema kutafuta riziki.

Pale pale kwenye nyumba ya wageni kulikuwa na binti mtumishi mwenye ugonjwa wa macho. Hearn alimsihi mwenye nyumba ampeleke kwa daktari. Mwenye nyumba akawa mzito. Hearn alichukia, akagharamia matibabu mwenyewe, na baadaye akahama. Mtu aliyepoteza jicho akiwa bwenini hakuweza kula chakula cha mtu anayeangalia jicho la mtoto likiharibika.

Darasani

Alichoandika juu ya kazi yake Matsue kiko katika kitabu chake cha kwanza kuhusu Japani, kilichotoka mwaka 1894 katika juzuu 2. Sura moja ni shajara ya mwalimu wa Kiingereza, na kwangu mimi ni bora kuliko nusu ya mihadhara ya mbinu za kufundishia niliyowahi kukaa.

Kijapani hakujua. Alichokuwa nacho ni ubao, sauti ya polepole, na mwalimu mkuu wa taaluma, Nishida Sentarō, mwenyeji aliyejua Kiingereza vizuri na aliyemshika mkono kwa kila kitu: nani anasalimiwa kwanza, unainama kiasi gani, viatu unavua wapi. Walikuwa marafiki mpaka Nishida alipofariki mwaka 1897. Kila mwalimu mgeni aliyefanikiwa popote, ukichunguza, nyuma yake yuko mwalimu mwenyeji ambaye jina lake halikuandikwa kwenye jalada la kitabu.

Hearn alishangaa kwamba hapakuwa na fimbo. Alishangaa pia kwamba wanafunzi walikuwa na nguvu: darasa likiona mwalimu hawezi kazi au hana haki, lilikuwa na njia ya kusema kwa pamoja, na wakubwa walisikiliza. Aliwapa watoto insha za Kiingereza juu ya vitu vya kawaida, akazisoma, na kugundua kuwa makosa ya sarufi si habari kubwa. Habari kubwa ni kile wanachoona watoto wale, ambacho yeye hakioni. Kwa hiyo kila rundo la madaftari likawa shule yake.

Jioni wanafunzi walimtembelea nyumbani. Waliingia kimya, wakaketi vizuri, wakatazama picha na vitabu, na mara nyingine walileta kitu cha thamani cha ukoo wao wamwonyeshe, kisha wakaondoka nacho. Hakuna aliyekuja kuomba maksi.

Kuna kisa kimoja katika shajara ile. Mwanafunzi wake mmoja, kijana mwenye akili nyingi na asiye na mali, aliugua na kila mtu akajua hatapona. Usiku wa baridi kijana akaomba aione shule yake kwa mara nyingine. Mtumishi mzee akambeba mgongoni, wakatoka gizani mpaka mahali ambapo madirisha yale yanaonekana. Akayaangalia, akarudishwa. Siku chache baadaye akafa, na Hearn akaenda mazishini pamoja na shule nzima.

Nimesoma ukurasa huo zaidi ya mara tatu. Sisi tunazungumza shule kama mahali pa kupitia, cheti mkononi na kwaheri. Kumbe kuna mtoto ambaye kitu cha mwisho anachotaka kukiona duniani ni jengo ambalo wewe unaingia saa mbili asubuhi ukipiga miayo.

Mwisho wa wiki

Siku zisizo za kazi Hearn hakukaa ndani. Mwezi wa kwanza tu baada ya kuanza kazi alipanda meli ndogo ya moshi kuvuka ziwa Shinji, kisha rikisho ya kuvutwa na mtu mpaka hekalu kuu la Izumo, mojawapo ya mahali patakatifu pa kale zaidi nchini. Nishida alikuwa amempatia barua ya utambulisho. Alipokelewa na kuhani mkuu ndani, mahali ambapo hakuna mzungu aliyekuwa amekaribishwa kabla yake, akiwa amevua viatu na kunawa mikono na mdomo kama anavyofanya mwenyeji. Hakuomba apewe kiti.

Safari nyingine ilikuwa Mihonoseki, mji wa bandari ambako mungu wa mahali pale inasemekana anachukia jogoo. Kwa hiyo mji mzima hapakuwa na kuku wala yai, na mgeni aliyekula yai asubuhi hakupaswa kwenda siku hiyo. Wenzangu mnaoishi kwa chipsi mayai, poleni.

Safari inayonigusa zaidi ni ya Kaka, pango la baharini. Watu waliamini roho za watoto waliokufa huja humo usiku kupanga vijiwe kimoja juu ya kingine, na wazazi walikuwa wakiacha humo viatu vidogo vya majani ili watoto wasiumie miguu. Mashua ilikwenda siku ya utulivu tu. Wenyeji walisema upepo ukitosha kutikisa nywele tatu, haiendwi. Ndani ya pango palikuwa na minara ya vijiwe kila mahali, na pamoja na kukanyaga kwa uangalifu, Hearn na wenzake waliangusha michache. Wakalazimika kuinama na kujenga mingine zaidi kulipa ile waliyoivunja. Hebu muone: mwanamume wa miaka arobaini, aliyeachwa na mama akiwa na miaka 4, amepiga magoti pangoni anawajengea watoto wa watu vijiwe vyao. Yeye mwenyewe hakulinganisha. Mimi nimeshindwa kutolinganisha.

Mwaka 1892, wakati wa likizo, alikwenda mpaka visiwa vya Oki, ambako watu walijazana kumtazama mpaka wakapanda juu ya vitu. Aliyewahi kuwa mwalimu wa fildi kijijini anajua hali hiyo, ingawa sisi hutazamwa kwa heshima zaidi na kwa muda mfupi.

Setsu

Majira ya baridi ya kwanza yalimlaza kitandani. Nyumba za karatasi na mbao, theluji nje, na yeye alikuwa ametoka nchi za joto. Ndipo akaletwa Koizumi Setsu wa kumtunza nyumba. Alikuwa binti wa ukoo wa samurai, watu waliokuwa na hadhi mpaka Meiji ilipofuta tabaka lao na riziki yao ikakatika. Setsu alikuwa amekwisha olewa na kuachwa na mume, na tangu utoto alifuma vitambaa kusaidia kulisha wazee. Alikuwa na miaka 22 anakaribia 23. Umri wangu.

Wakawa mke na mume. Juni 1891 wakahamia nyumba ya kale ya samurai karibu na ngome, yenye bustani pande tatu, ambayo mpaka leo imehifadhiwa na watu wanaitembelea. Wazee wa Setsu nao wakawa mzigo wake, na Hearn aliubeba bila kulalamika. Mtu asiye na ndugu ghafla akawa na wakwe, mabibi na wajomba.

Waliongeaje? Walitengeneza lugha yao. Kijapani kilichovuliwa viambishi na adabu zake zote, maneno yakipangwa kama yanavyokuja kichwani mwa Hearn. Nje ya nyumba ile hakuna ambaye angeielewa sawasawa. Kwa lugha hiyo Setsu alimsimulia hadithi za mizimu usiku, taa ikiwa imepunguzwa. Hearn hakutaka asome kitabuni; alitaka asimulie kwa maneno yake mwenyewe, arudie, aoneshe jinsi sauti ilivyotoka. Kisha yeye akaandika kwa Kiingereza. Mkusanyo mashuhuri kuliko yote, Kwaidan, ulitoka mwaka 1904. Leo wanafunzi wa Japani wanazisoma hadithi hizo kwa Kijapani, zikiwa zimetafsiriwa kurudi nyumbani. Jina la jaladani ni moja, lakini sauti zilikuwa mbili, na ya Setsu ilitangulia.

Gharama ya kuwa mwenyeji

Matsue alikaa miezi 15 tu. Novemba 1891 akahamia Kumamoto, kusini, shule kubwa zaidi, mshahara yen 200, mkuu wa shule akiwa Kanō Jigorō, mwanzilishi wa judo. Hakuupenda mji ule wa kambi za jeshi na majengo ya matofali. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo halikumwacha tena. Yeye aliipenda Japani ya zamani: mahekalu, vyura, sanamu za njiani. Wanafunzi wake walitaka mpya: mashine, cheo, taifa lenye nguvu. Na chombo cha kuwapeleka huko kilikuwa Kiingereza alichokuwa anawafundisha yeye. Kila somo alilofundisha vizuri lilisogeza mbali kidogo kile kilichomleta. Nadhani hili ni fumbo la kila mwalimu mgeni, na nadhani alifanya haki kuendelea kufundisha, maana nchi ni ya wanafunzi, si ya anayeipenda.

Novemba 1893 alizaliwa mtoto wa kwanza, Kazuo. Baadaye wakaja Iwao, Kiyoshi na Suzuko. Hapo likaja suala la karatasi. Kwa sheria za wakati ule, mwanamke wa Kijapani akiolewa kisheria na mgeni alipoteza uraia wake. Hearn alikuwa ameona kwa macho yake, tangu mama yake mpaka Alethea, ndoa isiyosimama mbele ya sheria inamfanyia nini mwanamke. Kwa hiyo badala ya kumfanya Setsu mgeni, akajifanya yeye mwenyeji. Mwaka 1896 aliingia ukoo wa mkewe na kuwa raia wa Japani, Koizumi Yakumo.

Mwaka huo huo chuo kikuu cha kifalme Tokyo kilimwita kufundisha fasihi ya Kiingereza. Mkuu wa kitivo, Toyama Masakazu, alimhakikishia mshahara wa mgeni ingawa sasa ni raia: yen 400. Alifundisha hapo zaidi ya miaka 6. Aliongea polepole bila karatasi, na wanafunzi waliandika kila neno. Madaftari hayo ndiyo yaliyokuja kuchapwa kuwa vitabu alipokwisha kufa. Mapumziko hakukaa ofisini kwa walimu, alizunguka peke yake kando ya bwawa la chuo na kiko chake.

Kisha Toyama akafa, na mwanzoni mwa mwaka 1903 ikaja barua: mkataba hautaendelea. Wanafunzi waliandamana kwa barua na mikutano kumtetea. Chuo kikamwita kwa saa chache na malipo madogo, akakataa. Ona ugumu wa mambo: alipokuwa mgeni alilipwa kama mgeni, alipoutupa ugeni kwa ajili ya mke na watoto, ile hoja ya kumlipa zaidi ikapoteza miguu. Mmoja wa walioshika vipindi vyake alikuwa kijana wa Kijapani aliyetoka kusoma London, Natsume Sōseki, ambaye baadaye akawa mwandishi mkubwa wa riwaya. Kwa upande wa nchi, hiyo ndiyo ilikuwa shabaha tangu mwanzo: mgeni afundishe mpaka mwenyeji achukue chaki. Kwa upande wa Hearn, iliuma.

Chuo cha Waseda kilimpokea mwaka 1904. Hakumaliza mwaka. Tarehe 26 Septemba moyo ulisimama, nyumbani kwake Tokyo, akiwa na miaka 54.

Sasa ile methali

Tangu mwaka 1987 Japani ina mpango wa kuleta vijana wa nje kusaidia kufundisha Kiingereza mashuleni, na maelfu wamepitia. Wanafundisha siku za kazi, mwisho wa wiki wanapanda treni kwenda kuona mahekalu yale yale. Njia wanayopita, Hearn aliipita kwa rikisho.

Je, alikuwa mtumwa kwa kukataa kwao? Jibu langu ni kwamba methali inamhusu mwenye kwao. Hearn kwao palimkataa kabla hajajua kusema. Alichofanya ni kutafuta mahali ambapo angekuwa na kazi kwa watu. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Matsue walimpa jembe, akalima, na akajifunza kuinama ndipo akafundisha. Lugha hakuimudu, Japani mpya hakuielewa vizuri, na wakati mwingine aliipenda nchi ya hadithi kuliko nchi yenyewe. Lakini mtoto wa watu alipokufa alikwenda mazishini, na mkewe alipokuwa hatarini kupoteza nchi, yeye ndiye aliyeiacha yake.

Kwa hiyo wanaouliza kibarazani, mimi nikipangiwa mbali nitaenda. Nitamtafuta Nishida wa shule hiyo siku ya kwanza. Na Kiha, nikirudishwa Kigoma, safari hii nitajifunza zaidi ya salamu, ili siku darasa likicheka nijue kama wananicheka mimi au wanacheka na mimi.

Hearn amezikwa makaburi ya Zōshigaya, Tokyo. Sōseki, aliyerithi ubao wake, alizikwa makaburi hayo hayo miaka 12 baadaye. Kwenye jiwe la Hearn limechongwa jina la Koizumi Yakumo, kwa herufi ambazo mwenyewe hakuwahi kuzimudu sawasawa. Mkewe na wanawe walizisoma.